P320 ya mwaka 2017: kila kizuizi kilifanya kazi yake, na bado bastola ilifyatuka ilipoanguka

Tarehe 4 Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer, yenye makao yake Newington katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ilitoa tamko la kuwatuliza wateja. Bastola yake ya P320, ilisema, ni salama. Zimekwishauzwa laki kadhaa, na katika soko la raia la Marekani haijaripotiwa hata ajali moja ya P320 kufyatuka kwa sababu imeanguka. Siku nne baadaye, tarehe 8, kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba itazipokea P320 zilizo mikononi mwa watu na kuzibadilishia vipuri bila malipo, kwa kuwa imebainika kwamba bastola hiyo inaweza kufyatuka ikianguka nje ya masharti ya viwango vya usalama vya nchi hiyo.

Katikati ya matangazo hayo mawili, duka la silaha la mtandaoni liitwalo Omaha Outdoors lilifanya jambo rahisi kabisa. Lilichukua P320, likaziangusha kwenye sakafu ngumu zikitangulia kwa mgongo wa nyuma, zikiwa zimelala kwa pembe ya nyuzi kama 30, na kuweka video hadharani. Zilifyatuka. Hazikufyatuka kila mara, wala kwa kila pembe, lakini mara za kutosha kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni bahati mbaya. Siku hizohizo polisi wa jiji la Dallas walikuwa wameamriwa kuacha kuibeba. Na huko Stamford, Connecticut, ofisa mmoja wa polisi alikuwa amefungua kesi akidai kwamba mwezi Januari mwaka huo P320 yake ilianguka chini ikiwa ndani ya ala yake, ikafyatuka na kumjeruhi mguu.

Ninachokiona cha thamani katika kisa hiki ni kwamba hakuna kipuri kilichovunjika. Hakuna springi iliyochoka, hakuna uchafu uliokwamisha kitu, hakuna fundi aliyefunga vibaya. Ukiifungua bastola iliyofyatuka ungekuta kila kitu kizima, kikiwa mahali pake, na ungeweza kuifunga ukaendelea kupiga nayo shabaha mchana kutwa. Kosa lilikuwa kwenye mpango wenyewe wa vizuizi: vilikuwa zaidi ya kimoja, lakini vyote vilimsikiliza bwana mmoja.

Ili hilo lieleweke, inabidi kuingia ndani ya bastola.

Kutoka nyundo hadi straika

Bastola nyingi zilizotawala karne iliyopita zina nyundo. Nyundo husimama nyuma ya slaidi, yaani lile pande refu la chuma la juu linaloteleza nyuma na mbele kila risasi inapotoka. Ukivuta triga, nyundo inaachiwa, inaipiga pini, pini inapenya kwenye kitundu na kuigonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Beretta M9, bastola ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1985, ni ya aina hiyo. Unaweza kuiona nyundo kwa macho na kujua kama imekokiwa au la.

Bastola ya straika haina nyundo. Pini na springi vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, nacho kimefichwa ndani ya slaidi, kwenye mfereji ulio nyuma ya chemba, yaani sehemu ya mwanzo wa mtutu inamokaa risasi. Kitu hicho ndicho straika. Mtindo wenyewe ni mkongwe. Luger ya Ujerumani ilikuwa ya straika, na Browning ya mwaka 1900 vilevile. Lakini aliyeufanya uwe mtindo wa polisi wa nchi nyingi ni Gaston Glock, baada ya jeshi la Austria kuipokea Glock 17 mwaka 1982. Sababu za kupendwa kwake hazina fumbo: vipuri ni vichache, mgongo wa bastola hauna kitu cha kukwama kwenye nguo, na triga ina uzito uleule kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Sasa tazama kwa karibu kinachoishika straika isiende mbele. Chini yake kuna kijiguu cha chuma kinachoning'inia, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Slaidi ikirudi nyuma, straika inarudi nayo. Slaidi ikisukumwa mbele na springi yake, kile kijiguu kinanaswa na kishikizi kilichoko kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola. Slaidi inaendelea na safari, inachukua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuifungia chemba; straika imebaki nyuma, springi yake imebanwa. Bastola imekokiwa. Kati ya springi hiyo iliyobanwa na fataki iliyo mbele yake kuna sentimita moja hivi ya hewa, na kinachotenganisha utulivu na mlipuko ni ncha mbili za chuma zilizoumana kwa upana mdogo sana.

Hapa ndipo Glock na P320 zinapoachana. Kwenye Glock, slaidi ikishafunga, straika huwa imekokiwa kiasi tu. Mtu anapovuta triga, upau wa triga, yaani kile chuma kinachounganisha triga na mitambo ya ndani, unairudisha straika nyuma zaidi, unamalizia kuibana springi, kisha unashuka na kuiachia. Triga inafanya kazi mbili, kukoki na kuachia. Kwenye P320 slaidi inaimaliza karibu kazi yote ya kukoki. Triga imebakiwa na kazi ya kukishusha kishikizi. Ndiyo maana P320, tangu ilipotoka mwaka 2014, ilisifiwa kwa triga yake. Haikokoti springi nzito, haikwaruzi njiani, na kidole kinajua itaachia wapi.

Sisemi kwamba kukoki kikamilifu ni kosa. Bastola za nyundo zimebebwa zikiwa zimekokiwa kikamilifu kwa zaidi ya miaka mia. Lakini ukiamua hivyo, umejitwisha deni: kishikizi kikiachia kwa sababu yoyote, straika ina nguvu ya kutosha kulipua fataki. Hakuna nusu. Kwa hiyo vizuizi vinavyosimama baada ya kishikizi lazima viwe vya kweli.

Vizuizi vilivyokuwamo

P320 ilikuwa na kizuizi cha straika. Ni kipande kidogo chenye springi yake, kinachokaa ndani ya slaidi na kujitega njiani mwa straika. Kishikizi kikiteleza chenyewe, straika inaruka kidogo mbele na kugota kwenye kipande hicho kabla haijaifikia fataki. Kizuizi hakijali ni kwa nini straika imeachiwa. Kazi yake ni kukataa.

Kizuizi cha namna hii kilibuniwa hasa kwa ajili ya kuanguka kwa mdomo. Bastola inapotua kwa ncha ya mtutu, mwili wake unasimama ghafla na kila kitu kilicho huru ndani kinataka kuendelea mbele. Pini ya kugonga ikiwa huru na nzito, inaweza kuruka na kuigonga fataki hata kama triga haijaguswa. Hiyo ndiyo ajali ambayo watengenezaji wa bastola wameihofu kwa miaka mingi, na kwa ajali hiyo kizuizi cha straika ni jibu zuri.

Lakini lazima kiondoke njiani mtu anapotaka kufyatua. Nani anakiondoa? Triga. Unapoivuta, mkono mdogo wa chuma ulio kwenye fremu unakisogeza kizuizi kando sekunde ileile ambayo upau unaanza kukishusha kishikizi. Mambo mawili, mwendo mmoja. Kwa mtumiaji ni jambo jema, kwani haambiwi kubonyeza wala kuzungusha chochote. Kwa anayehesabu usalama, ina maana kwamba kishikizi na kizuizi cha straika si walinzi wawili. Ni mlinzi mmoja mwenye sare mbili, na triga ikishatembea, wote wawili wamekwisha kuruhusu.

Glock ilikuwa imekutana na swali hilo mapema na kulijibu kwa ulimi mdogo ulio katikati ya uso wa triga. Ukiweka kidole, ulimi unazama ndani na triga inaruhusiwa kurudi nyuma. Usipoweka, ulimi unagota kwenye fremu na triga haiendi kokote. Watu wengi wanaudharau ulimi huo. Nimesikia wakisema ni kizuizi cha kuchekesha: kipo palepale kidole kinapofika, kwa hiyo kinamzuia nani? Jibu ni kwamba hakikuwekwa kumzuia mtu. Kinaizuia triga isijivute yenyewe. Ni chepesi mno, na springi yake inatosha kukishika hata bastola ikipata kishindo; triga nzima iliyo nzito ikitaka kurudi nyuma kwa kishindo hicho, inakuta mlango umefungwa.

P320 ya kawaida iliyouzwa wakati ule ilikuwa na triga laini isiyo na ulimi. Ilikuwa ya chuma, pana, iliyopinda vizuri kwenye kidole, na nzito.

Nini hutokea katika kishindo kimoja

Chukua bastola ianguke kutoka urefu wa mita 1.2, ambao ni kiuno cha mtu mzima au meza ndefu. Inafika chini ikiwa na mwendo wa karibu mita 4.9 kwa sekunde, yaani kilomita 17 na ushei kwa saa. Inatua kwa mgongo wa slaidi, mtutu ukitazama juu. Sakafu ni zege, haibonyei. Slaidi na fremu vinasimama ndani ya muda usiofikia kupepesa jicho.

Triga haijaambiwa isimame. Imening'inia kwenye pini yake, iko huru kuzunguka, na bado ina mwendo ule wa mita 4.9 kwa sekunde. Ni abiria aliyesimama kwenye basi lililofunga breki ghafla. Inaendelea ilikokuwa inaelekea, na ilikokuwa inaelekea ni nyuma ya bastola, upande uleule ambao kidole huivutia.

Kinachoweza kuisimamisha ni springi zake tu: ya triga yenyewe, za kishikizi, na ile ya kizuizi cha straika. Nishati iliyo ndani ya triga inayotembea inategemea uzito wake na mwendo wake. Mwendo umepangwa na urefu wa kuanguka, mtengenezaji hana la kufanya. Uzito uko mikononi mwake. Triga yenye uzito maradufu inabeba nishati maradufu dhidi ya springi zilezile. Na triga haiendi peke yake: upau umeunganishwa nayo, na kishikizi chenyewe kina uzito wake kinapopata kishindo.

Kwa kuanguka kwa aina fulani hesabu inaelemea upande mbaya. Triga inatembea umbali wake wote. Mkono mdogo unakisogeza kizuizi cha straika kando, kama ulivyofundishwa. Upau unakishusha kishikizi, kama ulivyofundishwa. Straika iliyokokiwa karibu kikamilifu inaachiwa, njia ni nyeupe, fataki inagongwa. Kwa mtazamo wa mashine hakukuwa na ajali. Triga ilivutwa, bastola ikafyatuka.

Na bastola iliyotua kwa kitako cha slaidi inakuwa imeelekeza mtutu juu, huko aliko mtu aliyeiangusha.

Ile pembe ya nyuzi 30 haikuwa kichekesho cha watu wa video. Ikianguka wima kabisa, au ikipiga kwanza chini ya kishikio cha mkono, sehemu ya kishindo inapotea kwenye plastiki ya kishikio na mwelekeo wake haulingani sana na njia ya triga, ambayo si mstari mnyoofu bali ni upinde unaozunguka pini. Ikipiga kwa ncha ya nyuma ya slaidi ikiwa imeinama, kishindo ni kikavu, chuma kwa zege, na kinaelekea karibu sawasawa na upinde huo. Pembe moja ya hatari kati ya nyingi salama: hiyo pia ndiyo sababu bastola laki kadhaa zilikaa mitaani miaka mitatu bila kelele kubwa.

Kwa nini viwango havikuliona

SIG haikusema uongo iliposema P320 inatimiza viwango. Kipimo cha SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi nchini Marekani, kinataka bastola iangushwe kutoka futi 4, ambazo ni mita 1.22, juu ya mkeka wa mpira mgumu wenye unene wa inchi moja uliowekwa juu ya zege. Inaangushwa mtutu ukitazama chini, mtutu ukitazama juu, ikiwa imesimama sawa, ikiwa imepinduliwa, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Jimbo la California lina kipimo chake: mita moja na sentimita moja, juu ya zege tupu, nalo linataja milalo yake.

Tazama ile orodha ya SAAMI tena. Ni sita, na zote ni za pembe mraba, kama nyuso za boksi. Bastola ya kweli ikimponyoka mtu haijui habari za pembe mraba. Inapinduka hewani, inagonga ukingo wa meza, inatua inavyotua. Waliopanga kipimo hawakuwa wazembe; kipimo lazima kirudiwe na maabara yoyote ikapata jibu lilelile, na ni rahisi kurudia wima na ulalo kuliko nyuzi 30. Mkeka nao una sababu kama hiyo, kwani zege hutofautiana. Ila mpira unaongeza milimita chache za kubonyea, na katika kishindo milimita ni kila kitu. Bastola inayosimama ndani ya milimita mbili inapata mshtuko nusu ya ile inayosimama ndani ya milimita moja.

Lawama yangu iko kwingine. Kipimo cha kuangusha kinauliza: ilifyatuka au haikufyatuka? Hakiulizi: triga ilisogea kiasi gani? Bastola ambayo triga yake imetembea robo tatu ya safari ikaishia hapo inapata alama sawa na ile ambayo triga yake haikutikisika. Kamera ya mwendo kasi ikielekezwa kwenye triga wakati wa majaribio yaleyale sita ingeonyesha kwamba kuna kitu kinatembea kisichopaswa kutembea, muda mrefu kabla ya mtu kuipata pembe mbaya.

Jeshi lilikuwa limekwisha liona

Hapa kisa kinachukua kona. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limeichagua P320, kwa majina ya M17 na M18, kuchukua nafasi ya M9, kwa mkataba unaoweza kufikia dola milioni 580. Katika majaribio ya kuhakiki bidhaa jeshi likaiangusha ikiwa na ganda lisilo na baruti wala kichwa cha risasi, lenye fataki tu. Straika iligonga fataki, ikalipuka. Jeshi likaiagiza kampuni ifanye marekebisho, na yakafanyika: vipuri vyepesi zaidi katika mfumo wa triga.

Hayo tunayajua kutokana na ripoti ya mwaka ya ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosimamia majaribio ya silaha, iliyotoka mwanzoni mwa 2018. Mnamo Agosti 2017, wakati SIG inatangaza kuziboresha bastola za raia, ilisema pia kwamba M17 ya jeshi haihusiki na tatizo hilo. Ilikuwa kweli. Haikuhusika kwa sababu ilikuwa imerekebishwa.

Kwa hiyo kwa kipindi fulani palikuwa na P320 mbili duniani, moja iliyokwisha tibiwa na moja iliyoendelea kuuzwa madukani na kwa idara za polisi. Nani alijua nini, na lini, ni swali ambalo mawakili wameligombania mahakamani, na si kazi ya uchambuzi wa mitambo kulijibu. Lakini kwa yeyote anayetengeneza kitu chenye wateja wa aina mbili, kasoro iliyothibitishwa kwa mteja mmoja ni kasoro ya wote siku ileile. Hilo sioni la kulijadili.

Tiba, na kama ilitosha

Marekebisho ya raia yalikuwa na sehemu mbili. Kwanza, triga, kishikizi na straika vilipunguzwa uzito. Pili, kiliongezwa kitenganishi, kipuri kinachokata mawasiliano kati ya triga na kishikizi mpaka slaidi iwe imefunga sawasawa. Kazi hiyo ilihitaji bastola irudishwe kiwandani. Haikuwa kipuri cha kutumiwa mtu kwa posta akafunga mwenyewe mezani.

Kupunguza uzito ni tiba ya chanzo. Triga nyepesi inabeba nishati ndogo, springi zinaishinda, haisogei, na kwa kuwa haisogei, kishikizi na kizuizi cha straika vinabaki vimefunga. Ni bora kuliko kuongeza nguvu za springi, njia ambayo ingefanya triga iwe nzito kwa kidole na kuharibu kile watu walichoinunulia bastola hii. Zile video za kuangusha ziliporudiwa kwa P320 zilizorekebishwa, hazikutoa tena tamthilia ya mwanzo.

Hata hivyo ningependelea ulimi wa triga uongezwe juu ya hapo. Uzito mdogo unashinda kwa hesabu: urefu huu, sakafu hii, springi hii mpya, sawa. Ulimi unashinda kwa kufunga. Triga ama ina kidole juu yake ama haina, na hata springi zikilegea baada ya miaka kumi ya kazi, kizuizi hicho hakimtegemei bwana yule mwingine. Wanaoupinga wanasema unakera kidole na kwamba hausaidii kitu kikiingia kwenye triga, mathalani kamba ya koti wakati wa kurudisha bastola kwenye ala. Ni kweli hausaidii hapo. Wala haukuahidi.

Swichi ya kidole gumba ni habari nyingine. Jeshi liliidai kwenye mkataba wake, na M17 na M18 zinayo. P320 nyingi za raia na polisi hazina. Swichi ikiwashwa inaizuia triga isitembee, kwa hiyo kwa kisa cha kuanguka ingekuwa kinga nzuri sana. Ila inalinda pale tu mtu alipokumbuka kuiweka. Kuitumia kuficha triga nzito ni kumhamishia mtumiaji mzigo wa mhandisi.

Kinachosimama nje ya kisa hiki

Baada ya 2017 yamekuja madai mengine: watu wanaosema P320, hata zilizorekebishwa, zimefyatuka zikiwa kwenye ala bila kuanguka na bila triga kuguswa. SIG inakanusha, na inasema bastola haiwezi kufyatuka bila triga kuvutwa. Mwaka 2024 mabaraza ya wazee wa mahakama huko Georgia na Philadelphia yaliwapa walalamikaji ushindi wa mamilioni ya dola. Kesi nyingine kadhaa zimetupwa. Watu huyachanganya madai hayo na kisa cha kuanguka kana kwamba ni kitu kimoja. Kimitambo ni maswali mawili tofauti. La kuanguka lilionyeshwa kwenye video, likarudiwa na wengine, sababu yake ikajulikana na ikatibiwa. Kwa bastola kufyatuka ikiwa imetulia kwenye ala, triga ikiwa haijasogea, lazima vitu viwili vishindwe kwa pamoja: kishikizi kiachie, na kizuizi cha straika kisikatae. Anayedai hivyo inabidi aonyeshe vyote viwili kwenye bastola ileile, na hapo ndipo wataalamu wa pande mbili wanapokabana koo.

Julai 2025 mwanajeshi wa anga alipokufa kwa risasi ya M18 katika kambi ya F.E. Warren, Wyoming, kamandi yake ilisimamisha matumizi ya bastola hiyo na mtandaoni hukumu ikatoka siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata mwanajeshi mwingine alikamatwa kwa tuhuma zilizojumuisha kuua bila kukusudia na kutoa taarifa za uongo, na M18 zikarudishwa kazini baada ya kukaguliwa.

Kwa mwenye P320 ya zamani, dalili ya kwanza ni triga: ile ya kabla ya marekebisho ni nene na nzito, mpya ni nyembamba waziwazi. Lakini usiishie hapo. P320 imejengwa kwa vipande. Moyo wake ni kisanduku cha chuma chenye namba ya usajili, na karibu kila kilichobaki kinabadilishwa kwa dakika chache. Soko limejaa triga za chuma za wauzaji wengine, zilizonyooka, zenye rangi, zinazoahidi mvuto mfupi. Anayefunga mojawapo bila kuilinganisha kwenye mizani na ile aliyoitoa huenda amerudisha gramu zilezile ambazo kiwanda kilizitoa mwaka 2017.